Albamu ya Watu Waliochoka

Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikipotea njia katika kuandika mnivumilie. Tulikuwa kwenye gari, tunatoka Dallas kwenda Houston, binti yangu wa mwisho akiendesha. Nilikuwa nimetoka kazini asubuhi ileile, ghalani kule Carrollton, mgongo unawaka. Mgongo huo una hadithi yake, tuuache.

Binti yangu anapiga dramu katika bendi ya wazungu. Wanachukua nyimbo za kale za Ayalandi, za fidla na kodiani, wanazipiga kwa fujo ya panki, muziki wa kelele na kasi, mpaka watu wanarukiana. Dramu alijifunzia kwenye kwaya ya kanisa letu, mtaani Vickery Meadow, Mungu atusamehe. Sasa wametoa albamu mpya, na siku hiyo alikuwa anakwenda mazoezini Houston kuwapa jibu: anabaki nao au anatoka. Akaiweka nisikilize.

Ilikuwa ya polepole. Mwimbaji wao, mzee wa rika langu, hapigi tena kelele. Anaimba kama mtu aliyeketi kuvua viatu. Nilingoja dramu, sikuzisikia.

"Wewe uko wapi humo?" nikamwuliza.

"Nipo, Papa. Wamenipa vifagio vya waya, napapasa tu."

"Mimi nimeshika fagio miaka yote, na hakuna aliyekata tiketi kuja kunitazama."

Akacheka kidogo. Huyu kwa kawaida ananijibu kwa Kiingereza. Akija kwa Kiswahili najua jambo limemkaa moyoni.

"Unaipenda?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Nikamwambia kweli, naipenda. Albamu yao ile ya kwanza ilinipa homa. Hii ni ya watu waliotoka kazini. Na yule mzee simlaumu, mwili ukikataa umekataa. Hata mimi ghalani walinitoa kwenye kubeba masanduku wakaniweka kubandika lebo.

"Sawa, yeye amechoka," akasema. "Mimi sijachoka, Papa."

Nilikuwa tayari kumwambia avumilie. Ndivyo ninavyowaambia watoto wangu kwa kila kitu, kazi, ndoa, hata viatu vinavyobana. Siku hiyo neno halikutoka. Labda ni usingizi, maana usiku nilikesha kazini.

"Basi toka," nikasema. "Uzee utakuja wenyewe."

Tulipofika Houston alinishusha mtaa wa Alief kwa dada yangu, ambaye alinipikia sombe, majani yetu ya muhogo, na chumvi bado anazidisha. Jioni binti akarudi, dramu zote zimo garini. Nikamwuliza yule mzee amesemaje.

"Amesema alijua. Akanisaidia kubeba."

Amekulia mikononi mwa watu wale wa bendi, kuliko hata mikononi mwangu, maana mimi nilikuwa ghalani. Ngoma kubwa haikuingia nyuma, nikaipakata. Tulipoingia barabara kuu akaanza kulia, nami sikumnyamazisha.