Kipande Kinachopona Kikipoa

Dada yangu hajui kutulia. Hata akiwa anakula, goti lake linacheza chini ya meza mpaka vikombe vinalia, ndiyo maana karakanani wanamwita Cherehani. Ungemdhania mtu wa kushinda barabarani, kumbe kazi yake ni kuinamia hadubini akigundisha nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ndani ya vipande vya chuma visivyozidi kidole gumba. Kila kipande hupunguza nguvu ya mwanga unaobeba simu na mtandao wa mtaa mzima, usije ukaunguza mitambo ya mbele. Vikishakauka, mume wake huvichukua na kwenda kuvifunga kwenye makabati ya bati yaliyo juu ya nguzo.

Jua lilipozidi, mitaa ikaanza kukatika mtandao kila adhuhuri. Shemeji alikuwa akipanda, anachomoa kipande, anakipeleka karakanani. Huko kinalazwa mezani chini ya feni, kinapimwa, kinaonekana kizima. Siku nyingine tena, kizima.

"Kipande hakina ugonjwa, mgonjwa ni wewe," msimamizi alimwambia mbele ya watu. "Unakunja nyuzi kama unafunga kuni. Kesho asubuhi rudisha ngazi, uende zako."

Nilikuwepo kwao jioni hiyo. Shemeji alijaribu kufanya mzaha. "Mke wangu, kuanzia kesho mimi ndiye mama wa nyumbani. Nionyeshe chumvi ilipo."

Dada hakucheka. "Ulipokichomoa, mkononi kilikuwaje?"

"Kilikuwaje vipi? Cha moto! Nilikirusha kiganja hiki, kiganja hiki, kama nimeokota kaa."

Goti la dada likasimama. Nilikuwa sijawahi kuliona likisimama. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi, akafungua dirisha, akalifunga.

"Mama Cherehani, utachimba sakafu," shemeji akasema.

"Gundi," dada akajibu. "Ni ile gundi mpya."

Gundi ya zamani ilitaka kukaushwa kutwa nzima. Mpya hukauka kabla hujafuta mikono, na aliyeisifu kuliko wote alikuwa yeye, kwa sababu ilimrudisha nyumbani mapema. Wakubwa wakaipitisha bila kuijaribu juani. Hili linanichoma mpaka leo: vipimo vyote vilifanyika kwenye ubaridi, kwa mwanga hafifu, halafu kifaa kikapelekwa kufanya kazi ndani ya bati linalochemka, na kilipokwama akatafutwa mtu wa ngazi!

Asubuhi dada alipitia saluni ya jirani, akaazima draya ya nywele. Karakanani aliunganisha kipande kilekile alichokirudisha mumewe, akapandisha mwanga hadi nguvu ya kabatini, akakielekezea draya.

"Unakitengeneza nywele?" msimamizi akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Namba ya mwanga unaopita, kwenye kipimo, ikaanza kushuka. Ikashuka tena. Kicheko kikakatika.

"Umekiunguza!"

"Subiri, bosi." Alizima kila kitu, akakiweka chini ya feni. Kilipopoa akawasha tena. Namba ikapanda, ikakaa pale ilipopaswa kukaa.

Msimamizi alimnyang'anya draya. "Hebu nijaribu mwenyewe." Akajaribu. Ikashuka. Akapoza, akarudia, ikashuka tena.

"Gundi inalainika, uzi unasogea kidogo sana," dada akasema. "Mwanga unaokosa njia unaangukia ukuta wa chuma na kugeuka joto. Joto linailainisha gundi zaidi. Mume wangu akikuletea huku, kimeshapoa, kimeshapona."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, ngazi begani. Msimamizi alikigeuza kipande kwenye kiganja.

"Na hiki alikigundisha nani?"

Dada angeweza kusema hakumbuki. Wagundishaji ni wengi.

"Mimi. Na vingine vingi alivyokurudishia."

"Unaelewa unachosema?"

"Naelewa. Ngazi ibaki kwake."

Ngazi ikabaki. Dada akaondolewa kwenye hadubini mpaka wakubwa waamue hatima yake, na hadi ninapoandika hawajaamua. Walioipitisha gundi ndio wanaokaa kikao. Kwa sasa amepewa kazi ya kushika ngazi, vipande vyote viteremshwe.

Niliwakuta mchana wa siku ileile ya draya, jua la utosi, yeye chini, mumewe juu na kabati limefunguliwa.

"Ungenyamaza tu," shemeji alimwambia kutoka juu. "Ngazi ningepata kwingine."

"Ninyamaze na goti hili? Lete."

Akamdondoshea kipande kwenye kitambaa. Dada akakitoa, akakirusha kiganja hiki, kiganja hiki.

"Cha moto?"

"Cha moto, mume wangu. Shuka polepole."