Mistari ya Tumboni

Akeyo aliuza makaa mtaani Silanga miaka mingi, hata vumbi lake likawa sehemu ya ngozi. Akioga leo, kesho limerudi. Majirani walimtania kwamba akifika mbinguni atamchafulia Mungu kiti, naye alicheka, maana wakati huo alikuwa bado na la kucheka.

Mwaka wa tisini na tisa alitoka damu mpaka akashindwa kubeba gunia. Daktari hakumficha: saratani ya mlango wa uzazi, tena imeshasambaa. Lakini kulikuwa na njia mpya. Angechomwa kwa mashine ya miale kila siku ya kazi, na mara moja kwa wiki angetundikiwa dripu ya dawa kali. Vyote viwili kwa pamoja, maana dawa huulegeza ugonjwa, miale ikaumalizia. Wakamchora mistari myeusi ya wino tumboni na kiunoni, mahali pa kulenga.

"Hii usioshe, mama," akaambiwa. "Ikifutika tunaanza kupima upya, na foleni unaiona."

Aliiona sana. Wagaki, mwenzake wa benchi, mistari yake ilifutwa na jasho, akarudishwa nyumbani kungoja zamu. Hakuonekana tena.

Dripu ya tatu ilimtapisha Akeyo hadi akapoteza fahamu. Mdogo wake Jael, aliyekuja kutoka Kawangware kumuuguza, alimkuta nyumbani amelala katika matapishi, kwenye chumba chake kisicho na dirisha. Akapasha maji, akamvua, akamsugua kwa sabuni mwili mzima huku machozi yakimtoka.

Akeyo alizinduka ananukia sabuni, mwili mwepesi.

"Nimekuosha vizuri, dada," Jael akasema. "Hiyo makaa ilikuwa imekushika mpaka kwa tumbo. Nimesugua hadi ikatoka yote."

Akeyo akainua leso, akatazama.

"Jael, umeniua."

Jael alipoelezwa alianguka chini akajipiga kifua. Akeyo hakuwa hata na nguvu za kumkasirikia. Aliogopa, aliogopa vibaya sana.

"Leta ile kalamu nene ya kuandikia magunia," akasema. "Chora."

"Nichore wapi? Mimi sikuangalia!"

"Si ni wewe ulisugua? Chora hapo hapo."

Jael akainama na kalamu. Mstari wa kwanza ulikwenda bila ubishi. Wa pili wakabishana, huyu anasema juu, huyu anasema chini, mwisho wakakubaliana kwa sababu wamechoka kubishana.

Kesho yake foleni ilifika nje ya jengo. Fundi wa mashine, macho mekundu kwa kazi, akaushusha mwanga wa kulengea juu ya tumbo la Akeyo, akausogeza mpaka ukalingana na mistari. Akeyo alibana pumzi. Nusu yake iliomba asiulizwe, nusu iliomba aulizwe.

"Usitikisike, mama," fundi akasema, akatoka, akaufunga ule mlango mzito.

Mashine ikaanza kuunguruma. Akeyo akatulia tuli kama alivyoagizwa, asijue ni nini kinachochomwa.