Bunduki ya Mzee Hobart Ilivyokwama kwa Wanetta

Jirani yangu Dale Adkins ni mtu wa kukukwamulia gari kwenye theluji kisha akaondoka kabla hujasema asante. Lakini jaribu kumpelekea yeye sufuria ya supu: kesho yake atakuletea kuni usizozihitaji. Fadhila ya mtu inamnyima usingizi. Ndivyo alivyolelewa na baba yake, mzee Hobart, na mimi nasema waziwazi kwamba malezi hayo yaliwaponza wote wawili.

Mzee Hobart alichimba makaa ya mawe mpaka vumbi likamla mapafu. Novemba ile alikuwa kitandani, mpira wa oksijeni puani, na hamu yake ilikuwa moja tu: kuishika tena bunduki yake ya kuwindia kulungu, aliyoiuza wakati wa mgomo wa wachimbaji ili watoto wapate kula. Kwenye kitako chake cha mbao alikuwa amechonga jina la marehemu mkewe, Opal. Dale aliisaka mtandaoni miaka nenda rudi, akaipata kwa mtu wa jimbo jirani la Ohio, akailipia.

Sasa bunduki ikivuka mpaka wa jimbo haiji mlangoni kwako. Inapelekwa kwa muuzaji mwenye leseni, naye hakupi mpaka serikali ichunguze rekodi zako. Kwetu sisi muuzaji ni Wanetta Skidmore, anayeuza bunduki, chambo na mikate yenye soseji ya pepperoni ndani katika duka hilo hilo moja.

"Dola arobaini," Wanetta alimwambia.

"Za nini? Bunduki si nimeshailipia!"

"Za kuipokea, kuiandikisha, na kuuvumilia uso wako huo."

Dale alicheka kidogo, akajaza fomu. Penye namba yake ya hifadhi ya jamii, ile ya kumtofautisha mtu na mwenzake serikalini, akaruka.

"We Dale, jaza hiyo namba."

"Si lazima. Imeandikwa hapo."

"Si lazima, ndiyo, ila kuna Dale Adkins mwingine huko Kentucky alimvunja mkewe taya. Kila ukija kununua wanakuchanganya naye. Kila mwaka, bwana!"

"Baba alinifundisha nisiipe serikali kitu ambacho haijanilazimisha."

"Haya, basi mwambie baba'ko asubiri."

Kwamba mzee alikuwa hoi, Dale hakulitamka.

Serikali ikajibu kwamba uchunguzi umecheleweshwa. Siku tatu za kazi zikapita kimya. Baada ya hapo sheria inamruhusu muuzaji kukabidhi akitaka, lakini Wanetta hataki kabisa.

"Niliwahi kumpa mtu bila jibu," alisema, sauti imeshuka. "Mkewe tulimzika kabla jibu halijafika. Usinibembeleze."

Dale wala hakubembeleza. Aligeuka akatoka.

Msimu wa kuwinda kulungu ukafunguliwa. Milio ya bunduki ikasikika milimani tangu alfajiri, na kila mlio mzee Hobart alikuwa anageuza kichwa dirishani. Nilikuwa nimepita kumjulia hali.

"Imefika?" akamuuliza mwanawe.

"Ipo kwa Wanetta, baba. Bado wananichunguza."

"Uliwapa namba?"

"Sikuwapa."

Mzee akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki nzima. "Hapo sawa, mwanangu."

Nilitamani kuwazaba makofi wote wawili. Mzee alifariki Jumatano, mkesha wa sikukuu ya Shukrani, mikono mitupu juu ya blanketi.

Ruhusa ikaja wiki iliyofuata. Nilimsindikiza Dale dukani. Wanetta alikuwa ameshailaza bunduki juu ya kaunta, amelipangusa vumbi jina la Opal. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mbona hukuniambia mzee yuko vile?" alisema. "Bunduki ilikuwa mikononi mwangu kihalali hata kabla ya ruhusa yako, Dale. Ungeniomba, ningefunga duka nikaileta mwenyewe, nikakaa hapo kitandani aishike mpaka achoke. Ni hapo tu ng'ambo ya daraja!"

Dale alizipapasa zile herufi kwa kidole gumba.

"Hatuna mazoea ya kuomba," akasema.

"Haya, chukua. Ada sitaki."

Dale akatoa pochi, akaweka dola arobaini juu ya kaunta, akaibeba bunduki, akatoka. Wanetta hakuzigusa zile noti.