Kaka Yangu Aliitika Mwano, Leo Yuko Mahabusu

Sauti iliyonibaki masikioni ni ya mwano. Kwa msio wa kwetu, mwano ni yowe la hatari. Ukipigwa, kila mwanamume anatoka, na asiyetoka kijiji kinamtenga, hata moto haombi kwa jirani.

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka 26, nimesoma sheria, sina kazi, naishi na wazazi huku Masumbwe.

Mvua hizi maji yaliingia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Wilaya ilikuwa imeshafunga eneo kwa sababu ya mafuriko, lakini watu walishuka kwa siri kuchimba, wakanaswa chini. Mwano ukapigwa. Kaka alichukua kamba ya ng'ombe akakimbia bila viatu. Yeye na wenzake walitoa watu wawili wakiwa hai. Polisi walipofika, waliwakamata waokoaji: eti wameingia eneo lililofungwa kuiba mawe ya dhahabu.

Wenzake wamekubali kwa maandishi kwamba waliiba, wakapewa dhamana. Kaka amekataa, na wiki ya pili inakatika hajaiona mahakama. Nilipowaambia kituoni kwamba sheria inataka afikishwe ndani ya saa ishirini na nne, askari akanitazama juu mpaka chini.

"Dada msomi, barabara imekatika. Tumpeleke kwa mtumbwi?"

Askari wenzake wakacheka. Nilisimama pale na shahada yangu, nikaona haina uzito wa hata ile kamba.

Waliniruhusu kumwona kaka. Miguu imemvimba. "Nikisema niliiba," aliniambia, "siku nyingine ukipigwa mwano nani atatoka?"

Nyumbani baba haongei nami vizuri. "Mayu, mama yangu, tumeuza ng'ombe usome. Nenda kamwambie kaka yako akubali, arudi tupalilie."

"Baba, akikubali atakuwa mwizi maisha yake yote."

"Mwizi aliye nyumbani anakula ugali. Huyo mwaminifu wako anakula nini?"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kutoa chuya.

Kinachoniumiza ni kwamba sijui kama baba amekosea. Huenda naipigania heshima ya kaka kwa mwili wake, mimi nikiwa nalala kitandani. Lakini mvua ikiwa sababu ya kumnyima mtu haki, basi huku kwetu haki ni ya kiangazi tu.

Kwa hiyo msinishauri kama niende mahakamani au nisiende. Nishaurini nimkabili vipi baba, maana jana nilimwambia naenda mnadani. Nilipanda lori la mawe, likapita barabara ile ile isiyopitika, na mchana nikawa nimefungua maombi Mahakama Kuu kaka aletwe mbele ya jaji. Yamepokelewa. Kituo kimeshajua. Baba bado.