Nusu Mzunguko wa Spana

Baba yangu hakuwa mwindaji wala askari. Alikuwa fundi wa kufunga na kupima mashine katika kiwanda cha vyuma hapa Birmingham, na kazi hiyo aliifanya mpaka akastaafu. Mwingereza mmoja wa kazini ndiye aliyempeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, akanogewa. Mama alipokuwa hai alimcheka sana: mtu ametoka Tanga kote huko, anakuja kulala kifudifudi kwenye majani mabichi ya watu kutoboa karatasi. Baba alimjibu kwamba karatasi angalau haimjibu mtu.

Mama alipofariki, klabu ndiyo iliyobaki. Jumatatu hadi Jumamosi baba alikaa nyumbani kwake Great Barr, mapazia nusu, redio chini. Jumapili alinyoa ndevu. Sitii chumvi, wembe aliugusa Jumapili tu.

Risasi mpya hakununua. Alikusanya maganda yake ya shaba yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya gerejini, jambo ambalo leseni yake ilimruhusu. Kazi ya kwanza ndiyo nzito. Ganda likipigwa hutanuka, kwa hiyo lazima ulisukume ndani ya kalibu ya chuma lirudi kwenye kipimo chake. Kalibu imefungwa juu ya mashine ndogo, na mashine inaendeshwa kwa mpini. Unavuta mpini hadi chini, unaurudisha juu, ganda moja limekwisha. Yamebaki tisini na tisa.

Baridi yabisi ilimwanzia vidoleni, ikapanda mpaka kiwiko. Nilikuwa naenda kwake kila Jumamosi, mabasi mawili kutoka Ladywood, nalala huko, na Jumapili namwendesha kwenye gari lake hadi klabu. Jumamosi moja nikamkuta gerejini ameuning'inia ule mpini kwa mwili mzima, jasho linamtoka, na ilikuwa baridi ya Januari.

"Shikamoo baba. Nipe mimi nivute."

"Marahaba. Ukivuta wewe, na kupiga ukapige wewe." Akafuta uso kwa kanzu. Mimi bintiye aliniita mama tangu utotoni. "Siku nitakayoshindwa kuvuta mpini huu, mama, ndiyo siku narudisha leseni. Bunduki si ya mtu asiye na mkono."

Nilijua hatanii. Nilijua pia kwamba bila Jumapili hatakuwa na sababu ya kunyoa. Nikamshauri achomeke kipande cha bomba kwenye mpini urefuke, nguvu ipungue. Alinitazama kana kwamba nimemletea kiti cha magurudumu.

Basi nikaanzia kwenye mafuta ya kulainishia maganda. Baba alikuwa bahili wa mafuta. Alikuwa akiyabingirisha maganda kwenye sponji iliyokauka zamani. Nikanunua duka la dawa tyubu ya mafuta ya manyoya ya kondoo, yale wanayojipaka akina mama wanaonyonyesha, nikayayeyusha kwenye spiriti. Tuliyanyunyizia maganda ndani ya mfuko, tukayatikisa, tukaacha spiriti ikauke. Ndani ya shingo ya kila ganda nilipitisha kiburashi kidogo, kwa sababu huko ndiko mpini unakong'ang'ania ukirudi juu. Baba alisoma maandishi ya ile tyubu akacheka mpaka akakohoa. Alikubali, maana kwake mafuta yalikuwa ufundi, hayakuwa msaada. Mpini ulilainika kweli, na kwa mwezi mzima tulikuwa salama.

Kisha kiwiko kikazidi. Jumamosi moja alivuta maganda sita akakaa kwenye kiti. Adhana ya Alasiri ikalia kwenye simu yake, akaingia ndani kuswali. Mimi nikachukua spana.

Sikufikiri sana, na hilo ndilo kosa langu la siku zote. Nililegeza nati, nikaipandisha kalibu nusu mzunguko, nikaifunga tena. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: ganda lisipoingia kwenye kalibu lote, litasukumwa kidogo, na nguvu itahitajika kidogo.

Baba akarudi, akashika mpini, ukashuka. Akautazama mkono wake, akaugeuza kiganja juu, chini. Akavuta tena.

"Mama! Njoo uone. Zile tablets za daktari zimeanza kufanya kazi."

Alimaliza maganda yote mia siku ile ile. Usiku akala wali sahani mbili, akaniambia nipunguze chumvi, jambo ambalo hakuwa amelisema tangu mama afe, kwa sababu hakuwa akisikia ladha ya kitu. Nilifurahi kama mtoto. Jumamosi iliyofuata alikuwa amenyoa, na yale maganda tayari ameyajaza baruti na risasi.

Kuyapima maganda hakuyapima. Kalibu aliifunga mwenyewe miaka mingi nyuma, na haikuwa imeguswa na mtu. Apime nini?

Jumapili hiyo klabuni nilikaa nyuma na chupa ya chai. Baba akalala kwenye mkeka, akaweka risasi ya kwanza, akasukuma komeo la bunduki lifunge. Halikufunga. Akaitoa, akaweka nyingine. Ya tatu aliisukuma kwa kiganja, kisha kwa kitako cha kiganja, nayo ikakataa. Sikujua wakati ule ninachokijua leo, kwamba ganda likibanwa mbavu bila kusukumwa bega, pale shingo inapoanzia, hurefuka kidogo, na likirefuka bunduki hulikataa. Lakini nilijua ni mimi.

Yule Mwingereza rafiki yake aliinama, akataka ajaribu yeye. "Let me have a go, mate."

"No, no," baba akasema, akiulaumu mkono wake. "It's the hand."

Tulikuwa ndani ya gari, karibu na nyumbani. "Mkono umekufa, mama," akasema. "Juzi ulikuwa unaaga tu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mimi, ambaye hujibizana hata na redio, nilibana mdomo nikashika usukani. Nilijiambia nikisema nitamnyang'anya na zile Jumamosi mbili za furaha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kesho yake pia niliogopa, na kesho kutwa, na wiki ile ikaisha. Bunduki ikaenda kwa muuzaji mwenye kibali, leseni ikarudi polisi kwa posta. Baba akaacha ndevu.

Mwezi wa tano akaja mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, kununua mashine. Tulikuwa wawili gerejini, baba nimemwacha sebuleni. Mzee akavaa miwani, akateremsha mpini, akachungulia chini ya kalibu.

"Hii nani ali-set? Iko juu sana. Ukifanya hivi, bullet haiingii kabisa. Hata kijana na nguvu zake hawezi funga."

"Ni baba," nikasema. Lilitoka lenyewe, upesi kuliko pumzi. "Macho yake siku hizi hayaoni vizuri."

"Ndiyo, ni mimi," sauti ikasema nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni unaofungukia gerejini, na soksi zake, kikombe mkononi. "Uzee, bwana. Nisamehe."

"Ah, pole mzee. Sisi wote tunaenda huko."

Baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufunga mashine vibaya, alikubali mbele ya mgeni kwamba ameifunga vibaya. Akasimama pale mpaka tulipoipakia ile mashine garini, akampungia mkono yule mzee. Kisha akaniuliza, bila kunitazama:

"Ulipandisha kiasi gani?"

"Nusu mzunguko, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayesikia hesabu ya mwenzake. "Siku ile ndani ya gari ungeniambia," akasema. "Ningecheka tu. Tungerudi kuirekebisha."

Nikalia pale pale kwenye zege, mtu mzima mwenye wajukuu. Hakunigombeza, na nilitaka sana anigombeze. Alingoja nimalize, halafu akasema anasikia baridi, akaninyooshea kifua nimfunge vifungo vya sweta, kwa sababu vidole vyake havikuweza tena.