Sauti ya Mlimani

Nilipokuwa mtoto pale Malaba, niliamini Mlima Elgon ni mali ya Kukhu, nyanya yangu mzaa baba. Alizaliwa chini yake, akachunga ng'ombe huko hadi alipoolewa. Kila asubuhi ambapo mvua ilikuwa imelaza vumbi la malori, alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akauangalia. Alisema zamani ulitapika moto, ukachoka, ukavaa msitu. Mimi nilimwamini kabisa.

Likizo moja ya Agosti, nikiwa na miaka minane, baba akaazima pikapu ya rafiki yake, akatupeleka mlimani. Baba alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, mtu wa karatasi na mihuri. Njiani Kukhu alinishika sikio, si kwa nguvu.

"Nekesa, skia vizuri. Huko juu watu wa zamani hawajaenda. Ukisikia jina lako, usiitike, usifuate. Kaa chini. Mtu wako atakuja na miguu yake."

Baba akacheka. "Mama, hiyo ni sauti inagonga mawe inarudi. Usitishe mtoto."

"Cheka tu. Meno ni yako."

Jamani, mlima ule! Ukiwa Malaba unauona wote kwa jicho moja. Ukifika, hujui hata utazame wapi. Tuliacha gari barabarani tukapanda polepole, Kukhu na fimbo yake, mpaka kwenye boma la kale. Ukuta wa udongo ulikuwa umeshikwa na mizizi, handaki limejaa majani, na kando yake pango. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, bado yanatazamana kana kwamba mwenyewe ameenda kuchota maji. Dari ilikuwa nyeusi kwa moshi wa watu ambao hata Kukhu hakuwajua. Nikaipapasa, masizi yakabaki kiganjani. Sijawahi kuheshimu uchafu kama siku ile.

Kilichoniponza ni mbega. Nilimwona juu ya mti, mkia mweupe mrefu, nikamfuata nyuma ya ukuta, kisha mti wa pili, wa tatu. Nilipogeuka, ukungu ulikuwa umeshuka na boma halipo.

"Nekesaaa!" Ilikuwa sauti ya baba, kushoto. Halafu ikatoka kulia, "Kesaaa!" Halafu ikatoka mbele yangu, chini kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa karibu zaidi, tena tamu. Nikapiga hatua tatu kuifuata. Mtoto gani hamfuati baba yake?

Sikio likakumbuka. Nikakaa chini kwenye nyasi mbichi, nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Niliogopa hadi nikajikojolea, siwadanganyi. Jina langu likaendelea kuzunguka, kisha likakatika ghafla. Baadaye baba aliniambia Kukhu alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja, mtu mzima na ndevu zake.

Kukawa kimya, nami nikaamini wameniacha. Mwishowe nikasikia kikohozi, na fimbo ikigonga mawe. Kukhu huyu ambaye ngazi mbili za kanisa zilimshinda alitokea akiwa na matope hadi kwenye viwiko. Penye mteremko alikuwa ametambaa. Alikaa kando yangu, akaniweka mapajani na mkojo wangu wote.

Baba alifika nyuma yake, ukungu ukianza kupasuka. Hatua tano mbele yetu ardhi iliishia. Chini kabisa, vilele vya miti. Baba alipaangalia, akakaa chini.

"Mama, ulijuaje atakaa?"

"Nilimwambia." Alinipangusa miguu kwa leso yake taratibu, mmoja, kisha wa pili. "Wafula hakuna mtu alimwambia. Ndugu yangu mdogo. Tulikuwa na ng'ombe, ukungu ukashuka hivi hivi. Mimi ndiye nilimwita."

Baba hakuwahi kusikia jina hilo maishani mwake. Alivua koti, akamfunika mama yake mabegani, na sikumsikia tena akicheka mambo ya watu wa zamani.

Shuleni walinifundisha mwangwi, nikaandika jibu sahihi. Baba alisema kweli. Lakini kweli yake ndiyo iliyokuwa ikinipeleka gengeni, na maneno ya Kukhu ndiyo yaliyonikalisha chini. Nikiwa mkubwa ndipo nilielewa kwamba alichukua jambo zito kuliko yote aliyowahi kutenda, akawatwika watu wa boma, ili mtoto aweze kulibeba bila kuumia. Namstahi kwa hilo kuliko ninavyoustahi ule mlima.

Agosti iliyopita nilimpeleka binti yangu huko. Nilimshika sikio, nikamwambia yale yale. Alicheka, kicheko cha babu yake kabisa. Tulipofika bomani akapotea nyuma ya ukuta, na jina lake likanijia hadi kwenye ulimi. Nikalimeza, nikaanza kutembea. Nilimkuta amekaa.