Nilivyomwonea Wivu Mpiga Orutu

Mke wangu ndiye aliyeniletea habari: yule mpiga orutu wa Awasi, fidla ile ya uzi mmoja, amefariki. Alisema huku akichambua sukuma, kisha akaketi na kulia. Wasomaji wangu mnajua kuwa sina sifa za matangani. Nilimwonea wivu marehemu akiwa hai, na nilipomwona mama watoto akilia vile, nikamwonea tena.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa fasihi huko Maseno, na nilikuwa nikimtaka binti mmoja wa kwaya. Jumamosi moja alasiri nikapanga kuonyesha, katika ukumbi wa kanisa mjini Kisumu, filamu ya riwaya kongwe ya mapenzi, ili binti aone nilivyoijua. Televisheni ikatoa picha bila sauti. Nikafurahi, maana maneno yote ningeyasimulia mimi. Kumbe mwenyekiti wa vijana amemwita yule mpiga orutu aje atie muziki. Nilikuwa bado nachambua kiburi cha bwana mwenye kofia ndefu, mama mmoja akanikatiza: "Mwalimu, ebu nyamaza kidogo. Hiyo maneno tutasoma. Wacha tusikie orutu." Orutu ikalia. Mama yuleyule akainuka kufanya pakruok, yaani kusimamisha muziki ili ujisifu: "Ngoja hapo. Mimi ndio bibi ya Nyamasaria. Mvua inanyesha na moto yangu inawaka." Wengine nao wakainuka kujisifu, na kwenye kioo bwana wa watu akaposa, akakataliwa, akaenda zake bila kutazamwa. Binti naye hakunitazama. Alimkazia macho mpiga orutu, machozi yakimtiririka.

Tangu hapo filamu za namna hiyo huniudhi. Mwandishi huhangaika sura nzima na mtu asiyeweza kutamka kwamba anapenda. Kwenye filamu kinanda kinalia kidogo tu, kila mtu keshaelewa. Sisi wa maneno tunalima, wenye muziki wanavuna.

Juzi nikamuuliza mke wangu, binti yuleyule wa kwaya, anakumbuka nini katika maelezo yangu ya siku ile. Hakumbuki hata neno. Nikamuuliza, sasa mbona alikubali nimwoe?

"Baba, si wewe ndio uliniuliza," akasema. "Yeye hakuniuliza."

Funzo ni hilo, ndugu msomaji. Muziki hulainisha moyo, lakini lazima mtu afungue kinywa. Kama yupo umpendaye, mwambie leo. Mimi nilimwambia, nikampata, na sasa najua nilimpata kwa sababu mwingine alinyamaza.